Sahani ya bluu ya bibi, na China iliyochapwa Uingereza

Kila baada ya muda, kwenye kundi fulani la WhatsApp, inatokea picha ya sahani. Nyeupe, michoro ya bluu: nyumba yenye paa lililopinda ncha, daraja, mti umeinamia maji, ndege wawili angani. Chini yake maneno: "Kauri halisi ya Kichina, ina zaidi ya miaka 300, ilikuwa ya bibi yetu. Mwenye pesa zake aje inboksi." Haichukui dakika kumi anatokea wa pili kusema ni feki. Wa tatu anasema aliona kama hiyo sokoni, imepangwa chini pamoja na vijiko. Wa nne anaapa kwamba ndizo hizo zilizotiwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Kufikia magharibi watu wamenuniana.

Kwetu ugomvi huo ulikuwa wa ndani ya nyumba. Bibi aliacha sahani moja ya namna hiyo, na mjomba alishikilia kwamba imetoka Misri, kwa sababu nyuma yake pana muhuri wa mnyama aliyelala, mwili wa simba na kichwa cha mtu. Mama alisema ni ya China, si unaona picha? Chini ya yule mnyama, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyejishughulisha kuzisoma, pameandikwa MAASTRICHT. Huo ni mji wa Uholanzi.

Picha ya China, mnyama wa Misri, tanuri la Uholanzi, na sahani ipo kwenye kabati la Mswahili. Hapa ndipo watu wanapopotea. Tunaisoma picha tukidhani inatuambia sahani ilikotoka, kumbe picha na sahani kila kimoja kina safari yake. Sahani nyingi za namna hii hazikuchorwa kwa mkono hata kidogo. Zilichapwa, kama kanga.

Udongo kwanza, picha baadaye

Tuanze na maneno, maana kwenye mabishano haya neno "kauri" linabebeshwa kila kitu cheupe kinachovunjika.

Mtungi wa maji tunaujua sote. Ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa moto wa kuni, na una vijitundu visivyoonekana. Ndiyo maana unatoa jasho na maji yake yanakuwa baridi. Chombo cha namna hiyo kinakunywa chochote unachokitia.

Sasa chukua udongo mweupe, saga humo mawe ya gumegume, uchome kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Unapata chombo cheupe na kigumu zaidi ya mtungi, ila bado kina kiu. Ili kisinywe mchuzi, kinachovywa kwenye uji wa madini unaoyeyuka tanurini na kuwa utando mwembamba wa kioo. Utando huo, katika makala hii, nitauita kioo tu. Chombo chenyewe tukiite udongo mweupe. Sahani nyingi za bluu zilizomo makabatini mwetu ni hizi.

Kauri hasa ni kitu kingine. Inatengenezwa kwa udongo uitwao kaolini (hapa kwetu upo kwenye vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam) uliochanganywa na jiwe lililosagwa, na kuchomwa karibu nyuzi 1,300 mpaka mchanganyiko wote uyeyukiane na kuwa kitu kimoja. Haina vijitundu, ukiigonga kwa ukucha inalia kama kengele, na ikiwa nyembamba inapitisha mwanga. Wachina waliijua kazi hii karne nyingi kabla ya Wazungu, ambao walifanikiwa kuiiga mwanzoni mwa karne ya 18 huko Meissen, Ujerumani.

Kati ya hizo mbili wapo ndugu wengine, kama kauri ya mifupa ya Waingereza, ambayo karibu nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Swali la kama inafaa kuliwa humo nawaachia masheikh.

Jaribio la kuzitenga halihitaji mtaalamu. Washa tochi ya simu nyuma ya sahani, weka vidole katikati. Ukiviona vivuli vya vidole, una kauri. Usipoviona, bado usikate shauri, kwa sababu kauri nene nayo inaziba. Tafuta mahali palipomeguka, hata kama ni padogo kama punje ya mchele. Kauri ikimeguka ndani yake ni nyeupe na laini kama jino. Udongo mweupe ukimeguka unaacha kidonda kikavu kama chaki, na kwa kuwa umekunywa chai na mchuzi miaka yote, kidonda hicho mara nyingi kimeshageuka rangi ya kahawia. Ya bibi ina kidonda kimoja ukingoni. Ni cha kahawia.

(Neno lenyewe, kauri, ni lile lile la kombe la pwani, simbi, ambalo zamani lilikuwa fedha. Waitaliano nao kauri ya Kichina waliiita kwa jina la kombe hilo hilo, porcellana, kwa jinsi inavyong'aa.)

Kanga ya udongo

Kanga ina mji katikati, ina pindo pande zote, na ina jina. Sahani ya kuchapwa nayo ina mji, ambao ni ile picha ya nyumba na daraja, na ina pindo linalozunguka ukingo. Jina liko nyuma. Mji na pindo vilichapwa kwenye karatasi na kukatwa vipande mbalimbali, na hilo ndilo litakalotusaidia mbele.

Kazi ilianzia kwenye bamba la shaba. Mchongaji alichimba picha nzima juu ya shaba, mstari kwa mstari, nukta kwa nukta. Palipotakiwa bluu nzito alichimba kwa kina, palipotakiwa bluu ya mbali, kama mawingu au maji, alikwaruza tu. Bamba moja liliweza kumla wiki kadhaa, lakini likishakuwa tayari lilichapa sahani nyingi sana kabla ya kulika. Lilipashwa moto jikoni, likapakwa wino mzito uliochanganywa na mafuta ya kitani na unga wa kobalti, madini yanayoipa sahani bluu yake, kisha likafutwa juu mpaka wino ubaki ndani ya mikwaruzo peke yake. Karatasi ya shashi iliyopakwa maji ya sabuni ililazwa juu yake, vyote vikapitishwa kwenye mashine ya kubana, na karatasi ikabanduliwa ikiwa imebeba picha mbichi.

Kuanzia hapo hakuna kuzubaa, wino ukikauka kazi imeharibika. Msichana alikata vipande kwa mkasi. Mwanamke, kwa kuwa sehemu hii ilikuwa zaidi ya wanawake, alivibandika kwenye sahani iliyochomwa mara moja tu, kavu na yenye kiu kama kigae cha mtungi. Alianza na mji au pindo, akasugua kwa brashi ngumu mpaka udongo ufyonze wino, kisha sahani ikatiwa kwenye beseni la maji. Karatasi ililainika na kutoka. Picha ilibaki, kwa sababu mafuta na maji hayapatani.

Waliokula bablishi utotoni wanaijua kazi hii vizuri. Unalowesha mkono, unabandika ile karatasi, unabonyeza, unabandua polepole ukiwa umebana pumzi, na simba amebaki mkononi. Tofauti ni kwamba simba wa bablishi hafiki Ijumaa.

Sahani haikwenda hivyo hivyo mezani. Ilipashwa moto kidogo ili mafuta yaungue, ikachovywa kwenye uji wa kioo, ikarudi tanurini. Na hapo lilitokea jambo ambalo ningependa kuliona kwa macho: kobalti ikiwa mbichi si ya bluu. Ni nyeusi nyeusi, chafu, kama masizi. Mwanamke aliyeibandika ile picha hakuwa akiona anga wala maji ya bluu, aliona doa la weusi. Bluu ilizaliwa tanurini, kobalti ilipokutana na kioo kinachoyeyuka.

Na kwa nini bluu kila mahali? Kwa sababu miongo ya mwanzo kobalti ndiyo iliyokuwa ikistahimili moto ule chini ya kioo bila kuungua au kutawanyika. Kijani, waridi, zambarau na kahawia safi zilikuja baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1820. Mpaka zinafika, watu walikuwa wameshaizoea bluu na hawakutaka kuiacha.

Sasa kuna picha ya juu ya kioo na picha ya chini ya kioo, na hapa nitakuomba ufikirie kombe, lile la kunywa. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, inamiminwa marashi au maji, maandishi yanayeyuka, mgonjwa anakunywa. Zafarani iko juu ya kioo, kwa hiyo inaoshwa na kuondoka. Picha ya bluu iliyoko kwenye sahani hiyo hiyo haitikisiki hata ukisugua kwa mchanga kiasi gani, maana iko chini ya kioo, kama picha ya harusi ndani ya fremu. Ni kweli ziko sahani ambazo rangi yake ilichomewa juu ya kioo. Hizo ukipitisha kidole unasikia mwinuko mdogo, na zikitumiwa sana dhahabu na wekundu wake unachakaa. Bluu ya bibi imelala chini kabisa, kidole hakigusi kitu.

Kodi ya chai

Wa kwanza kuleta kishindo cha uchapaji walikuwa John Sadler na Guy Green wa Liverpool. Tarehe 27 Julai 1756 walichapa vigae vya ukutani zaidi ya 1,200 ndani ya saa sita, na siku chache baadaye wakala kiapo rasmi kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu hakuna ambaye angewaamini. Wao walichapa juu ya kioo. Kuchapa bluu chini ya kioo kwenye udongo mweupe, kwa namna ambayo kiwanda kingeweza kuishi kwayo, kunahesabiwa kuwa kazi ya Josiah Spode wa Stoke, katika wilaya ya Staffordshire, mwaka 1784.

Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilishusha kodi ya chai kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Naona tukio hili lina uzito kuliko ufundi wote nilioueleza. Chai ikawa kinywaji cha watu wa kawaida, na mnywaji chai anahitaji kikombe, kisahani, buli, kopo la maziwa. Kisha mwaka 1791 Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, ambayo kwa miaka mingi ilileta kauri ya China kwa shehena, ikaacha biashara hiyo. Waliozoea sahani za bluu zenye mapagoda, yale majengo ya Kichina yenye paa lililopinda ncha, wakabaki na hamu, na Staffordshire ilikuwa imeshajifunza kuchapa mapagoda.

Mchoro maarufu kuliko yote, ule wa mti wa mwerebi (willow kwa Kiingereza) unaoinamia maji, watu watatu darajani na ndege wawili, ulitokea huko Uingereza kati ya miaka ya 1780 na 1790. Wachongaji walichukua nyumba kutoka mchoro huu wa Kichina, daraja kutoka ule, wakaviunga. Hakuna mchoro mmoja wa China ambao sahani hii ni nakala yake.

Lakini bila shaka umeshaisikia hadithi: binti wa tajiri alimpenda karani wa baba yake, wakatoroka kupitia daraja, baba nyuma na kiboko, wakauawa, wakageuka njiwa. Hutamkwa kama ngano ya kale ya Wachina. Ni tangazo la biashara. Mchoro ulikuwa umeshauzwa kwa nusu karne ndipo hadithi ikaanza kuchapishwa magazetini Uingereza, katikati ya karne ya 19. Ilitungwa kuifuata picha. Wauzaji wakaipenda, na mpaka leo muuzaji mzuri hawezi kukuuzia sahani hiyo bila kukusimulia.

Kabla ya hapo, mwenye sahani kumi na mbili zilizochorwa kwa mkono alikuwa na sahani kumi na mbili tofauti kidogo kidogo. Bamba moja la shaba lilimpa mke wa mwenye duka kitu ambacho awali kilikuwa cha mabwana wakubwa: seti. Kila sahani sawa na mwenzake, na ikivunjika moja, ya kuziba pengo ipo dukani.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema "imechapwa, kwa hiyo feki". Hivyo kanga si nguo kwa kuwa haikudariziwa? Feki ni kitu kinachojidai kuwa kingine. Sahani ya Spode haikujidai kutoka China. Sisi ndio tulioidaia.

Tena tukitaka kumtafuta mwizi wa kwanza wa bluu tutazunguka. Karne ya 9 wafinyanzi wa Basra, Iraki, waliona vyombo vyeupe vya China, wakashindwa kuipata kauri, wakaiga weupe kwa kioo kilichotiwa madini ya bati na kuchora juu yake kwa kobalti. Karne ya 14 Wachina wa Jingdezhen walianza kuchora bluu kwa wingi, na kobalti yao nzuri ilitoka Uajemi. Karne ya 17 Waholanzi wa Delft wakawaiga Wachina kwa njia ile ile ya kioo cha bati. Waingereza wakachapa. Mwishowe Wachina na Wajapani nao wakatengeneza ule mchoro wa mti wa mwerebi, kwa sababu wateja wa Ulaya na Marekani waliutaka. Kwa hiyo unaweza kushika sahani iliyotengenezwa China kweli, yenye picha ya China iliyobuniwa Uingereza.

Zilifikaje kwetu

Yule wa nne kwenye kundi la WhatsApp, wa makaburi ya Kunduchi, hakutoa habari hewani. Pwani yetu ilikuwa na kauri ya Kichina karne nyingi kabla Spode hajazaliwa. Nguzo za makaburi ya Kunduchi na ya Mambrui, karibu na Malindi, zilipambwa kwa bakuli na sahani za China zilizopachikwa kwenye chokaa. Mahali pengi yamebaki matundu ya duara, chombo chenyewe kimeng'olewa. Na kwenye nyumba za mawe za Lamu, ukuta wa ndani wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ulikuwa mahali pa kuonyesha vyombo hivyo.

Anapokosea ni kuchanganya nyakati. Karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa bandari ya pembe na karafuu, meli za Ulaya na Marekani zilileta vyombo vya viwandani kwa wingi, vya bei nafuu. Wanaakiolojia waliochimba kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba wamekuta vigae vya bakuli na sahani za Ulaya pamoja na vigae vya vyungu vya kupikia vya hapa hapa. Chakula kilipikwa kwenye chungu cha mfinyanzi, kikaliwa kwenye bakuli la Ulaya.

Viwanda vya Maastricht vilikuwa vikubwa katika biashara hii. Kile cha Petrus Regout, kilichoanza kutengeneza vyombo vya udongo miaka ya 1830 na baadaye kikachukua jina la Sphinx, ndicho chenye muhuri wa yule mnyama wa mjomba. Jirani yake, Société Céramique, aliandika jina la mji kwa namna ya Kifaransa, MAESTRICHT, kwa e. Wengi wana bakuli za viwanda hivi na hawajui. Si zote za kuchapwa: nyingi zina maua mekundu na kijani yaliyopigwa kwa sponji iliyokatwa umbo la ua, na mistari ya duara iliyozungushwa kwa brashi. Ua la sponji utalijua kwa rangi yake yenye vijitundu, kama alama ya kidole kilicholowa.

Viwanda hivi vilijua vinamuuzia nani. Glasgow, kiwanda cha J. & M. P. Bell kilitengeneza sahani za kuchapwa kwa soko la Wamalei, zikiwa na majina ya Kimalei nyuma. Regout alikuwa na mchoro ulioitwa Timor. Kwa hiyo ukiona TIMOR nyuma ya sahani usiandike "imetoka Timor". Hilo ni jina la mchoro, kama jina la kanga.

Geuza sahani

Kuna mambo machache ya kutazama kabla hujaandika "miaka 300".

Tafuta mshono. Ukingo wa sahani ni duara na karatasi ni bapa, kwa hiyo pindo lilibandikwa vipande vipande, na mahali fulani vipande hukutana. Kwenye ya bibi mshono uko kushoto, juu kidogo ya daraja. Nusu ua linaishia ghafla, na linaloanza baada yake ni nusu ua la aina nyingine kabisa, na katikati yao karatasi ilijikunja, pameachwa ufa mweupe mwembamba kama unywele. Mchoraji wa mkono hawezi kukosea hivyo, angelimalizia ua. Hapa aliyekosea alikuwa na mkasi na haraka.

Kisha kuza kwa kamera ya simu. Mchoro wa brashi una mipigo, inaanza nene inaisha nyembamba, na rangi imejaa pasipo sawa. Mchapo wa shaba una mistari myembamba na nukta zisizolingana, kubwa na ndogo. Ukiona nukta zimejipanga safu kwa safu kama picha ya gazeti, hiyo ni stika ya kisasa iliyochomewa, ya karne ya 20 au ya juzi.

Halafu muhuri. Neno ENGLAND peke yake kwa kawaida linaashiria mwaka 1891 na kuendelea, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ilianza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. MADE IN ENGLAND mara nyingi ni karne ya 20. Alama ya umbo la almasi yenye herufi na tarakimu kwenye pembe zake ilitumika Uingereza kati ya 1842 na 1883 kuandikisha michoro. Kuanzia 1884 ikaja namba inayotanguliwa na Rd No. Almasi na namba hiyo vinaeleza mchoro uliandikishwa lini, na sahani yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baadaye. Mwaka uliochapwa kwenye muhuri nao, mara nyingi, ni mwaka kiwanda kilipoanzishwa. Nimeona mtu akibishana kwamba sahani yake ni ya karne ya 18 kwa ushahidi huo, na mstari wa chini yake umeandikwa inaruhusiwa kwenye maikrowevu.

IRONSTONE CHINA, SEMI-PORCELAIN, ROYAL STONE: majina ya kuvutia wateja. Neno China ndani yake halina uhusiano na nchi.

Ile mipasuko myembamba kama utando wa buibui haithibitishi umri. Inatokea kioo na udongo vinapopishana katika kutanuka na kusinyaa, na inaweza kutokea kwenye sahani ya mwaka jana. Wajanja huichemsha kwenye chai ili ionekane ya kale. Inachothibitisha ni kwamba kioo kimefunguka na uchafu unaingia, kwa hiyo usiiloweke sahani ya namna hiyo usiku kucha wala kuitia dawa ya kung'arisha nguo. Dawa inapenya chini ya kioo na kukibandua. Pia vioo vingi vya zamani vilikuwa na risasi, ile metali. Achari, ukwaju na ndimu huitoa risasi hiyo polepole, basi wekea humo karanga au tende, na achari itafutie bakuli jipya.

Bei? Zilitengenezwa nyingi mno. Mchoro wa mti wa mwerebi ndio uliochapwa kuliko wote, na wingi huo ndio unaoshusha thamani yake. Wakusanyaji hulipia mandhari adimu, kombe kubwa la nyama lisilo na ufa, au muhuri wa kiwanda kilichoishi muda mfupi. Sahani moja yenye kidonda ukingoni hainunui kiwanja.

Ya bibi tumeipima kwa yote hayo: udongo mweupe, mchapo wa shaba, mshono uko, Uholanzi. Mjomba bado anasema Misri. Kitu ambacho hakuna kitabu cha mihuri kingetueleza ni matundu mawili kwenye kile kiduara cha chini kinachoikalisha sahani mezani. Hayakutoka kiwandani, ukingo wake umekwaruzika, yametobolewa huku huku kwa mkono. Ni ya kupitishia uzi ili sahani itundikwe ukutani, na ndiyo sababu usoni haina mkwaruzo hata mmoja wa kijiko. Uzi wenyewe haupo tena. Kwenye tundu moja, ukimulika, utaona vimebaki vinyweleo vitatu vya katani.